Kovu Nililolifuta

Vijana wa studio waliobaki mjini wameniomba niandike. Wanasema mtu aliyepiga foto miaka arobaini na kitu hawezi kwenda nyumbani bila kuacha neno. Nimewajibu kwamba macho yangu ndiyo yaliyotangulia nyumbani, mimi nimeyafuata tu. Jicho la kulia, lile la kufanyia kazi, sasa linaona kila mtu kama amesimama nyuma ya pazia. Basi naandika polepole, kwa Kiswahili cha masista waliotufundisha shule. Lakini watu nitakaowataja nitawaacha waseme kama tunavyosema hapa Lubumbashi. Nikiwasahihisha, nitakuwa narudia kosa lile lile ninalotaka kuwasimulia.

Habari ya vyeo sitaiandika. Katika studio ya watu watatu vyeo ni viwili: mwenye ufunguo na wasio nao.

Siku ya kwanza sikugusa hata kamba ya kamera. Patron Kalenga, mwenye studio, alitaka msichana wa kupokea wateja wanawake, kuwafunga vilemba, kuwapangusa jasho. Alinionyesha kiti, beseni la maji, kitana, na koti jeusi lililoning'inia msumarini. Koti hilo ndilo kila mwanaume alivaa kwa foto ya kitambulisho. Wanene tuliwaachia mgongo wazi. Wembamba tuliwabana nyuma kwa vibanio vya nguo. Nadhani nusu ya wanaume wa mji huu walipita ndani ya koti lile. Mpaka leo nikiona kitambulisho cha zamani, sura naweza kuisahau, koti nalitambua.

Baada ya miezi kadhaa Patron aliniweka dirishani, akanipa kioo cha kukuzia, penseli iliyochongwa kama sindano na brashi ya nywele tatu. Kazi ikawa kusafisha nyuso juu ya filamu: chunusi, alama za ndui, pengo la jino. Brashi tuliilowanisha kwa ulimi, na ladha ya rangi ile ilikaa mdomoni hadi chakula cha mchana. Hapa kwetu tunasema kupika foto, na siku zile ilikuwa kupika kweli: maji ya dawa, saa, joto, na mimi wa kuonja.

"Bantu habakuyake apa kuona vile beko," Patron aliniambia. "Banakuyaka kuona vile banataka. Tosha yote."

Nikatosha yote, yaani nikaondoa kila alama. Nilikuwa na mkono mzuri, nasema bila aibu, kwa sababu mkono huo sasa hauna kazi. Siku moja aliletwa bibi harusi mwenye jicho la kushoto lililovimba, zambarau chini ya poda. Shangazi yake alisema amejigonga mlangoni. Nilimgeuza kidogo upande wa kulia, na sehemu iliyobaki nikaifuta kwa penseli. Alitoka mzuri sana. Sikuuliza ni mlango gani. Hilo nalo ni jambo la kazini, ingawa hakuna anayeniuliza habari zake.

Patron alikufa, ufunguo ukaja kwangu, kisha ikaja kompyuta. Vijana, ninyi mmeikuta, hamjui ilitufanya nini. Kovu lililonichukua asubuhi nzima sasa lilitaka kubonyeza mara tatu. Mkono ulianza kufuta kabla kichwa hakijaulizwa. Nilifuta makunyanzi ya watu ambao hawakuwa wameyalalamikia. Mzee mmoja alirudisha foto yake akasema huyo ni mdogo wake. Nilicheka, nikaendelea.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa Nadina aliponikuta.

Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu limeingia kila mahali, nami nilikuwa napuliza lenzi kwa mpira. Akaingia msichana mrefu, wa miaka kumi na tisa hivi, shingo imezungushwa kitambaa.

"Bonjour, Mama. Minataka buku."

"Buku banauzishaka kwa masista, mwana. Apa tunapikaka foto."

Akacheka, meno yote nje. "Haina ile, Mama. Buku ya maneke. Foto za kuonyesha kwa bantu ba defile."

Jina lake lilikuwa Nadina Banza, wa mtaa wa Katuba, amemaliza sekondari mwaka uliotangulia. Mama yake alikuwa marehemu. Aliishi na baba. Alikuwa amepata kwenye simu ofisi moja ya wanamitindo kule Lusaka inayotafuta sura mpya. Simu yenyewe ilikuwa na kioo kilichopasuka kama tandabui, akanisomea masharti kwa kuinamisha kichwa huku na huku. Uso bila poda. Nywele zimefungwa nyuma. Singlendi nyeupe, suruali nyeusi. Foto ya mbele, ya pembeni kulia, ya pembeni kushoto, ya mwili mzima, ya kutembea.

Mimi, mtu wa harusi, nikamwonyesha nguzo yangu ya plasta na maua ya plastiki.

"Mama, banasema pasipo bintu mingi. Banataka kuona muntu."

Kisha akafungua kitambaa. Kutoka chini ya sikio la kushoto hadi kwenye mtulinga lilishuka kovu la moto, mahali pengine linang'aa, mahali pengine limejikunja, kama karatasi iliyolowa ikakauka.

"Na hii muiache," akasema. "Baliandika tuonyeshe alama yote ya mwili."

Nikamwambia sawa.

Jumamosi alirudi na baba yake. Papa Donati alikuwa mstaafu wa reli, mtu mfupi, suti ya kahawia iliyopigwa pasi mpaka inang'aa magotini, rozari ikichungulia mfukoni. Wazee wake walishuka kutoka Mitwaba kufuata kazi ya reli, naye alizungumza kama mtu ambaye bado anaongoza treni.

"Mama, mi nilikuya kuangalia tu. Mutoto yangu hatavula nguo apa."

"Papa, ata koti yenu hamutavula."

Hakucheka. Akakaa kitini, mikono juu ya magoti.

Umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida, na taa zangu zote zilikuwa mapambo. Nikamweka Nadina karibu na dirisha la kusini. Kumbukeni hili: kwetu jua hupita kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo dirisha la kusini hutoa mwanga mtulivu usiochoma uso. Upande wa pili kivuli kilikuwa kizito, nikahitaji ubao wa kurudisha mwanga. Nilikuwa nao, ubao mweupe mwepesi, mkubwa kama mlango, lakini mguu wake ulivunjika zamani. Nikamtazama Papa Donati.

"Papa, munaweza kunishikia hii?"

Alisimama, akaupokea kwa mikono miwili, na kwa saa mbili hakuuweka chini. Nikisema juu, aliinua. Nikisema kushoto, alisogea hatua moja kamili, visigino pamoja. Sijapata msaidizi mwenye nidhamu kama yule, na nimewaona wengi.

Anayeanza huwa hajui pa kuweka mikono. Msimwambie awe mzuri, atakauka. Mpeni kitu ashike, kikombe, ufunguo, kisha mnyang'anyeni taratibu na mpige kabla vidole havijakumbuka kwamba ni vitupu. Uzito uwe mguu wa nyuma. Macho yatazame mlango, halafu yarudi kwenu. Foto iko pale yanaporudi. Nadina alikuwa mgumu mwanzoni, na kila nilipolegeza usimamizi shingo yake iligeuka yenyewe kuficha upande wa kushoto. Alijirudisha mwenyewe. Aligeuka, akajirudisha, akageuka, akajirudisha. Mara ya kumi hivi shingo ikakubali. Nilipiga, nikaona kwenye kamera sura ya mtu aliyeacha kujilinda. Foto kama hizo ni chache. Mimi ninazo tano au sita katika maisha.

Tulipomaliza, Nadina aliingia nyuma ya rido, pazia letu la kona, kubadili nguo. Baba yake akaegemeza ubao ukutani, akanisogelea.

"Mama, ile kintu ya ku shingo. Munaweza kuitosha?"

"Mutoto alilomba tuiache."

"Mutoto hajue." Akashusha sauti zaidi. "Mama yake alienda ku misa, akaniachia mutoto. Nilitoka ku kazi, nilichoka. Maji ya kupika bukari ilikuwa ku mbabula ya makala, inatokota. Nililala, Mama. Kidogo tu. Niliamushwa na kelele." Alikuwa akitazama rido, si mimi. "Ye anajua kama alianguka ye mwenyewe, juu ya kufukuza kuku. Njo vile tulimwambiaka. Munisaidie. Mu foto tu. Aende kule bila ile kintu yangu."

Nilipaswa kusema hapana. Nilijua masharti, nilikuwa nimesomewa. Lakini nilikuwa nimechoka, na mbele yangu alisimama mtu mzima aliyeshika ubao saa mbili bila kuomba maji. Na mkono wangu, kama nilivyosema, ulikuwa na mazoea yake. Nikamjibu: "Nitaona, Papa." Kwa mpiga foto neno hilo maana yake ni ndiyo.

Jumatatu umeme ulirudi. Nikafuta kovu kwenye foto saba. Nilifanya kazi safi, nikanakili vitundu vya ngozi kutoka bega la kulia, nikaweka kivuli cha mtulinga pale kilipopaswa kuwa. Ilikuwa shingo nzuri sana na haikuwa ya mtu yeyote. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kupeleka, na simu ya Nadina haikuweza kubeba foto nzito, kwa hiyo nilizituma mwenyewe moja kwa moja Lusaka.

Wakamwita ndani ya juma moja. Alipita studio kuaga akiwa na begi na ndala mpya.

"Mama, nionyeshe foto, ata moja."

"Mashine iliharibika, mwana. Ukirudi."

Mashine haikuwa imeharibika. Nimewahi kuwaambia wateja uongo mwingi, kuhusu tarehe, kuhusu dawa zilizokwisha, lakini huo ndio ninaoukumbuka pamoja na rangi ya ndala alizovaa. Zilikuwa za kijani.

Akaenda, akapita mpaka wa Kasumbalesa, akafika. Siku ya tisa alikuwa tena mlangoni pangu, kitambaa shingoni, joto lote lile. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mama, ni nani alitosha alama yangu?"

"Ni mimi."

Ilikuwa kweli, ingawa si yote. Sikumtaja baba yake. Niliona kwamba neno lile lilikuwa lake kulisema, si langu.

Alikaa kwenye kiti kile alichokalia baba. Akanisimulia bila haraka. Ofisi ilikuwa na ekra, kioo kikubwa cha kuonyeshea foto, ukutani. Mama mmoja aliyevaa miwani alifungua foto zake, akamwomba atoe kitambaa, kisha akatazama ukuta, akamtazama yeye, akatazama ukuta. Walikuwa wamemchagua kwa foto za mikufu.

"Nilijiona mu ekra, Mama. Nikasema: ule ni nani? Eko muzuri kunipita." Akakaza kitambaa shingoni. "Ule mama hakukasirika. Alisema alama haina mambo, beko nabo bengine ba alama. Alisema mambo ni bongo, ni kudanganya. Kama tunaanza na bongo, atajua namna gani ya kesho?"

Nilimwambia pole. Nilimwambia ni mazoea ya kazi, kwamba nilitaka kumsaidia, yote ambayo mtu husema. Nilisikia sauti yangu ikiwa ya mtu anayeeleza kwa nini foto zimechelewa. Akanikatiza kwa upole, na upole huo uliniuma.

"Mama, nililomba kintu kimoja tu."

"Ndiyo."

"Mutanipika tena. Jumamosi. Vile vile, ku dirisha."

"Nitakupika."

"Na Papa atashika ubao."

Sikujua kama alisema hivyo kwa sababu mguu wa ubao ulikuwa umevunjika, au kwa sababu nyingine. Siku zilizobaki nilifanya kazi vibaya. Nilipiga foto za kitambulisho za familia moja ya watu sita nikasahau kuondoa kifuniko cha lenzi kwa mtoto wa kwanza. Jioni nilifungua zile foto saba za awali, zile ambazo sikuzigusa, maana huwa naziweka kando. Angalau hilo Patron alinifundisha vizuri. Zilikuwa bora. Nililiona hilo mara moja, na nililiona pia siku ile ya Jumatatu. Kovu lilishika mwanga wa ubao na kuliongoza jicho kutoka usoni hadi begani. Nilikuwa nimeondoa kitu bora zaidi ndani ya foto.

Jumamosi walikuja, baba katika suti ile ile. Hakunisalimia kwa jina. Nadina akasimama mahali pake, singlendi nyeupe, shingo wazi, na safari hii hakujigeuza hata mara moja. Kivuli kilikuwa upande wa kushoto.

"Papa," nikasema, "kuya huku. Weka mwangaza ku shingo."

Ilibidi asimame hatua mbili kutoka kwake, ubao mikononi, uso kwa uso na lile kovu. Nikaweka jicho kwenye kamera. Mwanga ulipanda ukagusa mtulinga, kisha ukaanza kushuka. Nilidhani amechoka. Nikainua kichwa nikaona anatazama kovu, ubao ameusahau mikononi.

"Nadina," akasema. "Ni mi nililomba Mama atoshe ile. Haina ye alitaka."

Nadina hakusogeza kichwa. Nilikuwa nimemwambia asisogee.

"Na ile kuku," baba akaendelea. "Hakukuwa kuku. Mama yako aliniachia weye, nikalala. Nililala, mwanangu."

Nje mtu alikuwa akipigia debe kadi za simu. Kamera ilikuwa mkononi mwangu, na sikujua kama niishushe.

"Minajua, Papa," Nadina akasema, macho bado kwenye lenzi. "Mama aliniambiaka, mbele ya kufa. Alisema nikungojee utasema." Akavuta pumzi. "Panda mukono kidogo. Mwangaza inashuka."

Baba akapandisha mikono. Mwanga ukarudi. Nikabonyeza.

Sitasema mengi juu ya foto ile. Baba alilia akiwa ameshika ubao, bila kuuweka chini, kwa hiyo machozi aliyafutia begani kama mtoto. Tuliendelea hadi foto ya kutembea. Wakaondoka pamoja, wakibishana ni njia ipi yenye mabasi ya Katuba yasiyojaa.

Sasa, vijana, mtataka kusikia kwamba Lusaka walimwita tena. Tulizituma foto mpya pamoja na barua ya kuomba radhi niliyoiandika mwenyewe, kwa Kifaransa, akaitafsiri mwalimu mmoja. Walijibu asante. Baada ya hapo hawakujibu tena. Mlango ule niliufunga mimi na haukufunguka. Nadina alipata kazi kwenye duka la dawa, bado anaifanya. Lakini mama mmoja mwenye nyumba ya ushonaji kule mtaa wa Golf aliziona foto za pili, akamtaka kwa mablauzi ya kitenge yenye shingo pana. Amepita katika defile, maonyesho ya mavazi, tatu au nne. Haishi kwa kazi hiyo. Sijui hapa kwetu ni nani anaishi kwayo.

Mimi niliendelea miaka mingine, nikifuta pale tu mwenye uso aliponiomba, tena mwenyewe, kwa mdomo wake. Wateja wengine walinikimbia. Walisema Mama Foto amezeeka, anawatoa watu vibaya. Kisha jicho likaanza kuweka pazia lake. Nikauza taa, nikaacha ufunguo, nikaenda nyumbani. Nilidhani nitakosa harufu ya studio. Kusema kweli nimelala sana.

Mwezi uliopita nilikwenda mjini kutafuta dawa ya macho. Mbele ya duka la yule mshonaji, maana sasa amefungua na mjini, wametundika foto kubwa kupita mlango: Nadina, shingo wazi, mwanga kutoka kushoto. Ni ile ya Jumamosi ya pili. Hata kwa jicho langu niliitambua. Ng'ambo ya barabara, pale watu wanapongojea basi, alisimama Papa Donati katika suti ya kahawia, kofia kichwani, pembeni ya mwanaume aliyebeba mfuko wa unga. Alikuwa akimwonyesha kwa kidole.

"Ile ni mutoto yangu."

"Eko muzuri, Papa," mwanaume akajibu, akitazama kama basi linakuja.

"Ile alama ya ku shingo, unaiona? Ni mi. Aliungua na maji, mi nililala."

Mwanaume alimtazama, akatazama foto, akahamisha mfuko kwenye bega lingine. Basi lilipofika akapanda haraka. Papa Donati hakupanda. Alisogea upande wa pili wa kituo, alikosimama mwanamke mwenye beseni la mihogo, akavua kofia.

"Mama, bonjour. Unaona ile foto?"